Nyuzi 127 kwenye skrini: pima kabla hujashika bisibisi

Mama mmoja mwenye stesheneri hapa Ngamiani, Tanga, aliniletea kompyuta yake ya mezani kwa bajaji, kaifunika kanga isiingie vumbi. "Mwanangu, fundi kaniambia prosesa inaungua, ninunue feni na pesti ya kupaka juu ya prosesa. Kashaniandikia na hesabu." Kweli, programu ilisoma nyuzi 127. Nikaweka kidole kwenye hitisinki, chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa: vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Inaniuma mtu kutoa hela yake kwa sababu ya namba isiyopimwa, kwa hiyo fuata mpangilio huu.

Kwanza, soma jina lililo mbele ya namba. Mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ina chipu yenye njia kadhaa za kusomea joto, na kiwandani si zote zinazofungwa kihisi. Njia iliyo tupu mara nyingi hutoa 127 au namba ya chini ya sifuri. Kwenye programu ya kusomea joto ya HWMonitor inaweza kuandikwa TMPIN, kwenye nyingine ya HWiNFO ikaandikwa AUXTIN. Joto la prosesa lipo chini ya jina la prosesa yenyewe, kwenye mistari ya Core. Kwa yule mama mistari hiyo ilisoma 46.

Pili, bakiza programu moja tu ya kusomea joto. Mbili zikiiuliza chipu ileile kwa pamoja, majibu yanaweza kugongana na namba zikarukaruka.

Tatu, na hapa usiwe na haraka: linganisha na hewa ya chumba. Zima mashine usiku kucha. Asubuhi weka kipimajoto karibu na kava, washa, iache dakika kumi bila kazi. Prosesa inayopozwa kwa feni haiwezi kuwa baridi kuliko hewa ambayo feni hiyo inaivuta. Niliwahi kuona prosesa ya AMD FX ikisoma 19 wakati kipimajoto changu kinasema 31. Feni gani ya kufanya hivyo kwa joto la Tanga? Vihisi vya prosesa hizo vimewekwa kulinda ukomo, yaani joto la juu kabisa ambalo prosesa inaruhusiwa kufika. Mashine ikiwa imetulia hukosea sana, na huaminika zaidi kadiri joto linavyokaribia ukomo.

Prosesa ya Intel nayo ina lake. Kihisi chake hakitaji joto, kinataja nyuzi zilizobaki kufika ukomo, kisha programu inaziondoa kwenye ukomo huo ili ipate joto. Ukomo ukiwa 100 na zimebaki 42, jibu ni 58. Programu ikidhani ukomo ni 85, itakuandikia 43 na utalala ukijua mambo shwari. Ingia tovuti ya Intel, tafuta prosesa yako, soma mstari wa TJUNCTION, huo ndio ukomo. Usichukue TCASE, hilo ni joto la kifuniko cha juu, na nimeona mafundi wengi wakichanganya hapo.

Kwa upande wa AMD, prosesa za Ryzen 7 1700X na 1800X huongeza nyuzi 20 kwenye namba inayoiongoza feni, na 2700X huongeza 10. AMD ndio walioziweka kwa makusudi. Programu ya zamani isiyojua hilo itakutisha bure, basi isasishe kwanza. Ikigoma, kwenye Core Temp, nayo programu ya kusomea joto, fungua Options, kisha Adjust offsets, upunguze kiasi hichohicho. Usipunguze kwa kukisia ili namba ipendeze.

Mwisho, ipe kazi. Fungua programu ya CPU-Z, ingia Bench, bonyeza Stress CPU, tazama joto kwenye ile programu yako ya joto pamoja na kasi ya prosesa kwa GHz. Namba ya kweli hupaa nyuzi kadhaa ndani ya sekunde moja au mbili, na ukisimamisha hushuka vilevile. Isiyosogea kabisa, kihisi kimekwama. Ikisoma 110 huku kasi haijapungua hata kidogo, itilie shaka, kwa sababu prosesa ikigusa ukomo hujipunguzia kasi yenyewe.

Lakini joto likipanda hadi ukomo na GHz zikaporomoka, hapo mashine inaungua kweli. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua kava. Shikilia feni kwa kidole isizunguke, pitisha brashi kavu kwenye mapezi ya hitisinki. Kwetu huku pwani vumbi hushikana na unyevu likawa kama sufi, brashi moja haitoshi. Badili pesti, funga, kisha rudia Stress CPU.