Haidranti (mdomo wa maji ya zimamoto) ikikohoa hewa, anza na bomba la mtaa

Huku kwetu Mabatini, Mwanza, juu maweni, kila mita 10 za kupanda zinakula karibu bar 1 (kipimo) ya presha ya maji. Kabla hujafukua, kagua valvu, yaani koki za bomba; juzi nimekuta moja imefungwa nusu, chini ya kibanda cha chipsi! Kisha waite watu wa maji na zimamoto, funga geji ya presha kwenye haidranti ya jirani, fungulia hii. Presha kwenye geji ikishuka chini ya bar 1.4, huenda bomba ni jembamba.

Toa bomba la kipenyo cha inchi 3, laza la inchi 6: maji yatapita karibu mara sita. Mwisho wake usiuache kipofu, uunganishe na bomba la mtaa wa pili. Chini tandika mchanga, jiwe la Mwanza halina huruma na bomba.