Kupanga makala za blogu zitoke zenyewe: mwongozo kwa wanaotumia WordPress

Juzi nimemsaidia dada mmoja mwenye blogu ya mapishi kuweka makala zake kwenye foleni, ziwe zinatoka kila Jumanne asubuhi hata akiwa safarini. Maswali yake, yaani jinsi ya kupanga na kwa nini makala hukwama, ni yale yale ninayoulizwa na wengi, hivyo nayajibu hapa kwa pamoja. Mwongozo huu ni wa WordPress (programu ya kuendeshea blogu) uliyoiweka mwenyewe kwenye hostingi ya kulipia, yaani huduma ya kuhifadhi tovuti.

Hatua ya 1: Weka akiba kwanza

Usiguse tarehe yoyote kabla hujawa na makala nne zilizokamilika. Nasema zilizokamilika: zina picha, zimesomwa tena, viungo vya ndani vimewekwa. Kwa blogu ya mara moja kwa wiki, hizo ni mwezi mzima. Kama nne zinakushinda, toa moja kila baada ya wiki mbili. Msomaji anayejua utakuja lini atakusubiri. Anayepata makala tatu ndani ya wiki moja kisha kimya cha miezi miwili hatarudi kuchungulia.

Picha zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha, na zipandishe zote siku moja ukiwa na Wi-Fi au bando zuri. Faida kubwa ya foleni ni hiyo: umeme ukikatika Jumanne, makala inatoka vilevile, kwa sababu iko tayari kwenye seva, kompyuta ya hostingi.

Plagini (programu ndogo za kuongeza kwenye WordPress) za kalenda ya uhariri sizipendekezi kwa blogu ya mtu mmoja. Jedwali la Google Sheets lenye tarehe, kichwa cha makala na hali yake linatosha kabisa.

Hatua ya 2: Rekebisha saa ya blogu

Nenda Settings, kisha General, tafuta Timezone. Mara nyingi utakuta UTC+0, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Chagua jina la mji: Dar es Salaam, Nairobi, Kampala. Uliye London chagua London, usichague UTC+0, maana huko saa husogezwa Machi na kurudishwa Oktoba, na UTC+0 haina habari hiyo.

Kisha kuna saa zetu wenyewe. Saa mbili asubuhi kwenye WordPress ni 08:00. Ukiandika 2:00 AM, makala itatoka saa nane usiku watu wamelala. Kwenye jedwali lako andika saa kwa mtindo wa mashine tangu mwanzo, usiwe unageuza kichwani kila mara.

Hatua ya 3: Panga

Fungua makala, bofya tarehe iliyo upande wa kulia, weka siku na saa. Kitufe cha Publish kitageuka kuwa Schedule. Kibofye.

Hatua ya 4: Hakikisha kuna kitakachoitoa

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na wengi hukata tamaa na foleni kabisa. Siku inafika, saa inapita, makala haijatoka, na kwenye orodha yako kuna maandishi mekundu: "Missed schedule".

Sababu ni kwamba WordPress haina saa inayogonga yenyewe. Kazi zake za ratiba hufanywa na faili la wp-cron.php, na faili hilo huamshwa na mgeni anayefungua blogu. Asipokuja mgeni, hakuna kinachotokea. Ukiwa na plagini ya kashe, hata mgeni akija huenda akapewa nakala iliyohifadhiwa, na WordPress yenyewe isiamke. Blogu changa, yenye wasomaji wachache alfajiri, ndiyo inayoumia zaidi.

Angalia pia jaribio linalodanganya: unapanga makala itoke baada ya dakika tano, kisha unafungua blogu kutazama, unaikuta, unaridhika. Kumbe ziara yako ndiyo iliyoitoa.

Dawa ni kuipa seva kazi hiyo. Anza na cPanel, ukurasa wa kusimamia hostingi yako, sehemu ya Cron Jobs (kazi ambazo seva huzifanya kwa ratiba). Weka amri hii, badala ya ANWANI-YAKO ukiandika anwani ya blogu:

`*/10 * * * * wget -q -O /dev/null "https://ANWANI-YAKO/wp-cron.php?doing_wp_cron"`

Nyota na namba za mwanzo huenda kwenye visanduku vya muda, si ndani ya kisanduku cha amri. Maana yake ni kila dakika 10. Baadhi ya hostingi za bei nafuu haziruhusu chini ya dakika 15. Weka 15, haina shida.

Halafu, na ni halafu kweli, fungua wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress (tunza nakala yake kwanza), na uongeze mstari huu juu ya ule unaosema "That's all, stop editing!":

`define('DISABLE_WP_CRON', true);`

Usiugeuze mpangilio huu. Ukiweka mstari kabla ya amri ya cPanel, umezima kengele ya zamani na mpya bado haipo: makala hazitatoka, na hata plagini ya chelezo (ya kuhifadhi nakala ya blogu) inayotegemea ratiba hiyo itasimama kimya.

Sasa jaribu upya. Panga makala fupi ya dakika 20 zijazo na usubiri dakika 40. Mstari ule umeshaondoa uwezo wa ziara yako kuitoa, kwa hiyo ukiikuta hewani, seva imefanya kazi. Kwa kuwa cron hupita kila dakika 10, makala ya saa mbili kamili ipange 07:55, iwahi mzunguko wa 08:00.

Iliyokwisha kukwama usiisubiri. Ifungue, weka tarehe ya sasa, itoe kwa mkono.

Hatua ya 5: Yasiyofaa kupangwa

Makala ya Idd iache kwenye rasimu, kwa sababu mwezi unaweza kuandama au usiandame, na salamu iliyotoka siku ya kufunga inawaudhi wasomaji. Vivyo hivyo bei za bidhaa na habari za bajeti: zitoe mwenyewe siku hiyohiyo.

Na ukitokea msiba mkubwa nchini, kabla ya kulala pitia foleni. Makala ya vichekesho iliyopangwa kesho asubuhi ibofye Quick Edit, badili hali yake kuwa Draft, kisha Update.