Usimwachie mtumiaji aandike kipimo mwenyewe

Ukitengeneza fomu ya uigaji kwenye COMSOL, programu ya kuiga mambo kama joto na mtiririko kwa kompyuta, ili fundi mwingine aitumie, kitakachokuumbua ni kile kisanduku cha kuandikia namba. Kikiachwa hivi hivi, mtu ataandika 60 akimaanisha nyuzi za Selsiasi, nayo programu itaisoma kama kelvini. Tangi lako la maji ya sola sasa liko kwenye nyuzi -213, na hesabu inaendelea bila haya.

Ingia kwenye mipangilio ya kisanduku, sehemu ya uhakiki wa data, uchague kipimo, yaani hiyo Selsiasi, kibandikwe chenyewe kwenye namba. Kiandike pia kando ya kisanduku ili kionekane. Hapo hapo weka kikomo cha chini na cha juu. Kwetu Nairobi, kwa tangi lililo wazi, kikomo changu cha juu ni 94, si 100: tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka mapema. Aliyewahi kungoja githeri iive hapa anajua. Shinikizo la hewa nalo nimelipa thamani ya kuanzia ya kilopaskali 83, maana ile atimosfia moja inayokuja na programu ni ya watu wa Mombasa.

Ujumbe wa kosa uandike mwenyewe: “Weka joto kati ya 10 na 94.”

Aina ya bomba iwe orodha ya kuchagua. Kitelezi, kile kitufe cha kuburuta? Kwa mwinamo wa paneli tu.