Mashine ya boti ya stroki mbili ikikosa nguvu: anzia kwenye tanki

Wengi hukimbilia kufungua kabureta. Iacheni kwanza. Mashine hizi za silinda mbili zikilegea, kosa mara nyingi liko kati ya tanki na mashine, na huko huhitaji hata spana.

Hatua ya 1. Legeza skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tanki. Ikiwa imefungwa, mafuta hayatoki. Minya pampu ya mkono (lile puto la mpira kwenye mpira wa mafuta), mshale wake ukielekea mashine, mpaka iwe ngumu. Isipokaza, kuna panapovuta hewa au vali zake zimechoka. Ikibonyea bapa mashine ikienda, njia imeziba upande wa tanki.

Hatua ya 2. Mwaga mafuta ya kikombe cha filta kwenye chupa angavu. Petroli ya madumu hubeba maji, nayo yatajitenga chini.

Hatua ya 3. Mkiwa majini nguvu ikipungua, mwenzako aminye pampu ya mkono mfululizo. Nguvu ikirudi, mafuta hayafiki ya kutosha: kagua tena mpira na viungio vyake, kisha utando wa pampu ya mafuta ya mashine.

Hatua ya 4. Toa plagi zote, uzipange kwa silinda zake. Kahawia ni nzuri. Nyeusi na mbichi: mafuta yamezidi au cheche haipo. Nyeupe yenye vitone vya aluminiamu: usiwashe tena, pistoni imeanza kuyeyuka. Kwa plagi za NGK, namba ikiishia na -10, mwanya wa kurukia cheche ni milimita 1.0.

Hatua ya 5. Tafuta silinda iliyokufa. Weka mashine kwenye pipa, maji yafunike bapa lililo juu ya propela. Zima, chomoa kofia ya plagi moja, ivalishe plagi ya akiba iliyogusa chuma cha mashine, mbali na petroli, kisha washa. Kofia isiachwe ikining'inia, kwani umeme usio na pa kwenda huweza kuunguza koili au CDI (kisanduku cha umeme kinachotoa cheche). Mlio usipobadilika, silinda hiyo ndiyo haichomi.

Hatua ya 6. Pima kompresheni (nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda), plagi zote nje na kofia zikigusa chuma, mkono wa mafuta wazi kabisa. Silinda zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, shuku ringi, pistoni au gasketi ya hedi. Hapo kusafisha kabureta ni kupoteza siku ya bahari.

Maswali ya wanachama

Fundi, yangu inazima nikiiacha bila gia, lakini ikikimbia haina neno.
— Jeti ndogo, tundu la kabureta linalopitisha mafuta mashine ikienda polepole, imeziba. Sasa fungua kabureta. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta na upepo. Usichokoe kwa waya, jeti ni shaba laini na tundu likipanuka mafuta yatazidi daima. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa ya kabureta, ikaze taratibu ukihesabu mizunguko, uirudishe vilevile.

Nikizidisha oili si ndiyo italindwa zaidi?
— Hapana ndugu, plagi zitachafuka. Kama kitabu chako kinasema 50:1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili ya TC-W3 (daraja la oili ya mashine za boti za stroki mbili).

Na maji ya kupozea yakitoka kidogo?
— Zima, zibua kitundu chake kwa waya mwembamba. Yasipoongezeka, badilisha impela (gurudumu la mpira la pampu ya maji) kabla hujatoka tena. Mpira wake hukatika haraka ukizungushwa bila maji.