Kuandaa mpango wa miaka 20 wa kiwanja cha ndege na majirani zake, Mtwara na Lindi

Ndani ya uzio wa kiwanja cha ndege kila jambo lina mwenyewe. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania inao wahandisi, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga inasimamia usalama. Nje ya uzio hali ni tofauti, kwa kuwa mwenye shamba la mikorosho, anayekata viwanja vya kuuza na mwenye kusimamisha mnara wa simu kila mmoja hupanga lake. Mwongozo huu umeandikwa kwa maofisa mipango wa halmashauri, watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa na vijiji, kwa sababu Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imeipa halmashauri mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi hiyo.

Anza kwa kukadiria safari, lakini usifunge makadirio kwenye bidhaa moja. Mikoa hii imekwisha kulipia somo hilo: mradi wa karanga ulioanza 1947 ulileta bandari ya Mtwara na reli ya kuelekea Nachingwea, karanga zikashindikana, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo matumaini yako kwenye gesi ya Mnazi Bay na mradi wa kusindika gesi unaotarajiwa Likong'o, Lindi, ilhali wasafiri wengine hufuata msimu wa korosho. Andika basi hali tatu, yaani gesi ikija mapema, ikichelewa na isipokuja, kisha kila upanuzi uufunge na idadi ya abiria itakayofikiwa badala ya kuufunga na mwaka. Ardhi, hata hivyo, itengwe kwa hali kubwa kuliko zote, kwa kuwa jengo la abiria linaweza kungoja, lakini mtaa ukishajengwa hauhamishiki kwa urahisi.

Hatua inayostahili muda mwingi zaidi ni kuchora ramani ya urefu unaoruhusiwa wa miti na majengo. Kwa njia ndefu ya kurukia ndege inayotumia vyombo vya kuongozea, kama njia ya Mtwara yenye mita 2,800, viwango vya kimataifa vinataka anga ya kutua, isiyo na kizuizi, ianze mita 60 kutoka mwisho wa njia, kisha ipande mita 1 kwa kila mita 50 za kwenda mbele, huku ikizidi kufunguka pande zote mbili. Hesabu yake haihitaji kompyuta. Ikiwa ardhi ni tambarare, mkorosho wa mita 10 haupaswi kuwa karibu kuliko mita 560 kutoka mwisho wa njia. Mnazi wa mita 20 unahitaji mita 1,060. Mnara wa mita 40 unahitaji mita 2,060. Palipo na mwinuko, ongeza tofauti ya ardhi kwenye urefu wa mti kabla ya kuzidisha kwa 50, maana mkorosho wa mita 10 juu ya kilima cha mita 8 huhesabiwa kuwa mita 18.

Ramani hiyo ichorwe na mpimaji, lakini wananchi waione ikipimwa. Nenda nao shambani asubuhi jua likiwa limepanda kidogo, simika kijiti cha mita 1 wima kando ya mnazi, na upime vivuli viwili kwa wakati mmoja. Kivuli cha kijiti kikiwa sentimita 80 na cha mnazi mita 16, mnazi una mita 20. Mwenye shamba aliyeshika mwenyewe ncha ya futi kamba haambiwi tena na mtu kwamba minazi yake inakatwa kwa chuki, ingawa bado ana haki ya kuuliza atalipwa kiasi gani. Matokeo yagawe katika maeneo yenye majina yanayoeleweka, kwa mfano eneo la mazao mafupi kama mihogo, mbaazi na ufuta, kisha eneo la nyumba za chini, kisha eneo huru. Shule na zahanati zisiwekwe chini ya mstari wa kupaa na kutua hata pale urefu unaporuhusu, kwa sababu ya kelele.

Kuhusu dampo, mwongozo wa kimataifa unashauri umbali wa kilomita 13 kwa sababu takataka huvuta kunguru na ndege wa porini wanaoweza kugongwa na ndege zinazoruka. Mji wa Mtwara wenyewe umo ndani ya duara hilo, kwa hiyo takataka zifukiwe kila siku.

Maji ya mvua husahaulika mara nyingi, nayo ndiyo huleta ugomvi wa kwanza. Lami ya mita 2,800 kwa upana wa mita 45 ni mita za mraba 126,000, na mvua moja ya milimita 50 juu yake ni lita milioni 6.3 zinazotafuta pa kwenda. Mvua za huku hunyesha takriban Novemba hadi Aprili. Mitaro ikaguliwe Oktoba, na mchoro uonyeshe maji yanaishia wapi, si yanatokea wapi tu.

Sasa fidia. Usiweke bikoni wala alama nyekundu kwenye nyumba kabla fedha hazijajulikana zinatoka wapi. Nimemsikia mzee mmoja akieleza kwamba alikatazwa kuezeka upya kwa kuwa "eneo ni la mradi", akangoja hadi makuti yakaoza, bila karatasi yoyote mkononi. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka malipo yatolewe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini. Yakichelewa huongezwa riba, na ikipita miaka 2 uthamini hurudiwa. Malipo hayaishii kwenye nyumba na mazao, kwani kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinataja pia posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, ambayo ni kodi ya miezi 36. Mambo haya yasomwe kwa sauti mkutanoni. Kama ardhi ni ya kijiji na haizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaoridhia au kukataa uhamishaji wake, na muhtasari uwe na saini za waliohudhuria.

Mikutano isiitishwe Ijumaa mchana, wala kati ya Oktoba na Desemba watu wanapookota korosho. Wanawake wasikilizwe peke yao angalau mara moja, kwa sababu mara nyingi ndio wanaolima mihogo pembezoni mwa uzio ilhali jina lililo kwenye orodha ni la mume au la kaka.

Kikwetu, kiliko kiwanja cha ndege cha Lindi, kaskazini mwa mji, bado kuna nafasi ya kufanya haya kabla ya nyumba. Nakala ya ramani ibandikwe katika ofisi ya mtendaji, irekebishwe kila miaka 5, na mwenyekiti asigonge mhuri kwenye mauziano ya shamba lolote la jirani kabla mnunuzi hajaonyeshwa kwa kidole mahali shamba hilo lilipo.