Namna ya Kulinda Mikono, Shingo na Mgongo katika Kazi ya Endoskopi

Daktari anayepima tumbo kwa kamera huumia taratibu, kwa mwendo uleule mdogo unaorudiwa kutwa nzima, na mara nyingi maumivu hujitokeza kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto. Mkono huo hubeba kichwa cha endoskopu, yaani kile kifaa cha mrija wenye kamera, huku kidole gumba kikizungusha gurudumu linalopinda ncha ya kifaa juu na chini, na mkono wa kulia husukuma, huvuta na kusokota mrija.

Anza na kitanda, kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi. Kipandishe au ukishushe hadi kiwe usawa wa kiwiko chako, au chini yake kwa sentimita zisizozidi 10, mabega yakiwa yamelegea. Madaktari wakipokezana, kitanda kipangwe upya kwa kimo cha anayeingia, hata kama amebaki mgonjwa mmoja tu. Skrini nayo iwe mbele yako moja kwa moja, katikati yake ikiwa chini ya usawa wa macho kwa nyuzi 15 hadi 25, kwa kuwa anayefanya kazi akiwa amegeuza shingo pembeni ataumwa shingo hata kama ana nguvu kiasi gani. Ikiwa skrini imefungwa juu ya toroli, hamishia toroli ng'ambo ya kitanda.

Kuhusu kidole gumba, kosa kubwa ni kukibana kichwa cha kifaa muda wote. Ncha ikishatulia, legeza vidole. Gurudumu dogo la kushoto na kulia lizungushe kwa mkono wa kulia kila inapowezekana, badala ya kukinyoosha kidole gumba kwa nguvu ili kilifikie. Wenye viganja vidogo, na wanawake wengi wamo katika kundi hili, hupata taabu zaidi kwa sababu vichwa vya endoskopu hutengenezwa kwa ukubwa mmoja; kuwaambia wavumilie ni kuwaonea.

Kwa mkono wa kulia, shika mrija kwa kipande cha shashi na kwa vidole vyote, si kwa ncha za vidole viwili. Katika kolonoskopi, yaani kupima utumbo mpana kwa kamera, mrija ukijikunja ndani ya utumbo huo, urudishe nyuma huku ukiusokota mpaka unyooke, na ufanye hivyo mapema, kwani kuendelea kuusukuma kunakuchosha mkono na kumuumiza mgonjwa. Pale unapohitaji mikono yote miwili kwenye magurudumu, mwombe muuguzi akushikie mrija.

Wanaofanya kazi chini ya eksirei wachague aproni ya risasi (metali nzito inayozuia mionzi) ya vipande viwili, ili sehemu ya uzito ibebwe na nyonga.

Mapumziko ndiyo magumu kuyapata, hasa katika maeneo kama Bomet nchini Kenya, ambako wagonjwa wa saratani ya umio ni wengi na wapimaji ni wachache. Hata hivyo, mwongozo wa mwaka 2023 wa chama cha endoskopi cha Marekani, ASGE, unapendekeza mapumziko mafupi wakati wa kazi na mengine marefu zaidi katika ratiba, pamoja na mafunzo ya mkao na mazulia laini ya kusimamia. Mpangaji wa zamu aandike mapumziko hayo ndani ya orodha ya wagonjwa, kwa maana yakiachwa kwa hiari ya daktari hayatachukuliwa.

Jipime mwenyewe: kunja kidole gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, huashiria ugonjwa wa De Quervain, yaani uvimbe wa ala inayopitisha kano za kidole hicho. Ganzi ya usiku katika kidole gumba, cha shahada na cha kati huashiria mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo. Kwa hali zote mbili, nenda ukaonwe na mtaalamu wa mifupa au wa viungo mapema, wakati banzi, kupunguziwa wagonjwa au sindano ya steroidi bado vinaweza kutosha bila upasuaji.