Kupanga urefu wa siti ya baiskeli ya mashindano kwa pembe ya goti

Anza na siti kabla ya kugusa usukani. Siti ikikosewa, vipimo vingine vyote vinapotoka.

1. Pima msamba. Simama peku, mgongo ukutani, nyayo zikiachana sentimita 15. Bana kitabu kigumu mapajani, kipandishe mpaka kikandamize mfupa kama siti inavyofanya, kisha pima toka ukingo wake wa juu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Msamba wa sentimita 80 unatoa 70.6, yaani umbali toka katikati ya ekseli ya krenki (mkono unaobeba pedeli) hadi juu ya siti, ukifuata bomba la siti.

Wengi huishia hapo. Lakini hesabu hiyo haijui paja na muundi wako vinagawana vipi urefu, wala urefu wa krenki, wala unene wa soli. Goti ndilo linalotoa jibu.

2. Weka alama. Bandika vipande vya utepe mahali patatu: mfupa unaochomoza pembeni mwa nyonga, upande wa nje wa goti, na jicho la mguu. Vaa viatu vyako vya mashindano.

3. Rekodi. Funga baiskeli kwenye trena, stendi inayokuwezesha kukanyaga pedeli bila baiskeli kwenda. Weka simu mita 3 pembeni, kimo cha goti, ikitazama baiskeli moja kwa moja. Ikikaa mshazari, pembe inadanganya. Pasha mwili dakika 10, kisha rekodi ukizungusha mara 90 kwa dakika.

4. Soma pembe pedeli ikiwa chini kabisa. Goti lililonyooka ni digrii 0. Programu unayopimia pembe kwenye video ikionyesha 145, goti limekunjwa 35. Ukiwa umetulia bila kuzungusha, lengo ni 25 hadi 35. Kwenye video ongeza digrii 5 hivi, kwa sababu mtu akizungusha pedeli, goti hukunjika zaidi.

5. Rekebisha milimita 3 hadi 5 tu kwa mara moja, uendeshe wiki nzima kabla ya kugusa tena. Kaza boliti kwa torki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye nguzo ya siti. Ya kaboni hupasuka ikizidishwa. Bomba la siti limelala, kwa kawaida digrii 73, kwa hiyo kupandisha milimita 10 hurudisha siti nyuma karibu 3. Isogeze mbele kiasi hicho.

Maumivu mbele, kwenye pia ya goti, mara nyingi ni siti ya chini. Maumivu nyuma ya goti, au nyonga kuyumba ukitazamwa kwa nyuma, ni siti ya juu. Rekodi miguu yote miwili. Ikitofautiana, fuata mguu mfupi.